Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Mashimo ya Gofu ya Diski

Kabla hujashika kifaa chochote, amua ni umbali upi unaoutafuta. Katika mchezo huu wa kurusha diski hadi iingie kikapuni, shimo ni sehemu nzima kutoka jukwaa la kurushia hadi kikapu. Shimo moja linaweza kuwa na vipimo viwili na vyote vikawa sahihi: mstari ulionyooka kutoka mahali pa kurushia hadi kikapuni, na njia itakayopitwa na diski yenyewe. Chukua shimo linalokwenda mita 60, likate kona ya nyuzi 90, kisha liende mita 45. Ukifuata njia ni mita 105. Ukikata moja kwa moja juu ya miti ni 75. Mgeni akikuta kibao cha 75 bila maelezo atapotoshwa kabisa. Mimi napendelea kipimo cha njia, lakini lolote utakaloamua litumike uwanja mzima na liandikwe kwenye ramani.

Chomeka vigingi mapema. Kipimo kianzie katikati ya ukingo wa mbele wa jukwaa la kurushia na kiishie kwenye nguzo ya kikapu. Kikapu kikiwa na nafasi mbili au tatu za kuhamishiwa, kila nafasi iwe na kigingi chake na namba yake.

Vifaa navyo vina tabia zake. Gurudumu la kupimia linafuata kona vizuri, ila likipanda na kushuka juu ya mizizi au ukiliyumbisha, linaongeza urefu. Tope likiganda kwenye ukingo wake, linapunguza. Lijaribu kwanza sambamba na tepu ya mita 30 iliyonyooshwa kwenye ardhi tambarare. Kipimaji cha leza ni chepesi na sahihi, lakini jani moja lililo mbele linaweza kukupa umbali wa jani hilo, kwa hiyo mwenzako asimame kwenye kigingi akiwa na ubao. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na chini ya miti huzidi. Itafaa kuchora ramani ya awali tu.

Mteremko ndio unaowachanganya wengi. Kikapu kikiwa umbali wa mita 80 na kimeinuka mita 6, urefu wa kufuata mwinuko ni mita 80.2 tu, tofauti isiyofikia hata upana wa diski mbili. Lakini anayerusha anaihisi sana. Kanuni inayotumiwa na wabunifu ni kuzidisha mwinuko mara tatu na kujumlisha: shimo hilo huchezwa kama la mita 98. Kwa hiyo daftari liwe na safu ya kimo, na kibaoni uandike umbali halisi pamoja na mwinuko, usivichanganye.

Nenda na mtu wa pili, mpime kwenda na kurudi. Uwandani tumieni mita peke yake. Futi zibadilishwe mwishoni kabisa, kwa 3.28 kila mita, ili makadirio yasirundikane: mita 90 ni futi 295.