Kuchagua Dirisha la Kutokeza kwa Nyumba ya Dodoma

Dirisha la kutokeza, yaani lile linalotoka nje ya ukuta na kuacha ndani nafasi ya kukaa, liko la aina mbili. La kona lina vioo vitatu: kipana cha mbele kilicho sambamba na ukuta, na viwili vya ubavuni vilivyowekwa kwa pembe, mara nyingi ya nyuzi 30 au 45. La upinde lina vioo vinne, vitano au zaidi vyenye upana sawa, vilivyopangwa kufuata mviringo. La upinde ni zuri mno kwa kutazama, lakini kwa Dodoma ningekushauri uchague la kona, na sababu yangu ni vumbi.

Kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na asubuhi utakuta mstari mwembamba mwekundu juu ya kizingiti, palepale fremu mbili zinapokutana. Dirisha la kona lina maungio mawili ya namna hiyo. La upinde lenye vioo vitano lina manne. Kwa hiyo acha kioo cha mbele kisifunguke kabisa, na vya ubavuni viwe vya kusukuma nje vyenye mpira wa kubana, kwa kuwa vya kuteleza huzuia vumbi kwa brashi tu. Kabla ya kumlipa fundi fedha za mwisho, bana kipande cha karatasi kati ya bawa (sehemu inayofunguka) na fremu, kisha kivute: kikitoka bila kukwama, mpira haujakaza. Dirisha la kusukuma nje linataka grili ikae ndani, nayo iachiwe nafasi ya mkono kufikia komeo.

Upande wa kuliweka ninaoupenda ni kaskazini. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini ya Ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huelemea kaskazini likiwa bado juu, na paa lililotokeza kiasi hutosha kulikinga. Magharibi hakuna paa litakalokuokoa, maana jua la saa kumi huingia likiwa chini, nalo hukuta vioo vya pande tatu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni msingi. Baadhi ya viwanja vina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua zinaponyesha na kupasuka kiangazi. Ukilijengea dirisha msingi wake mdogo wa juujuu, litacheza peke yake na ufa utatokea linapoungana na nyumba. Chimba kina kilekile cha msingi mkuu na uiunganishe misingi hiyo miwili kwa nondo, au mhandisi akupimie zege linaloning'inia, yaani lililotokeza bila msingi chini yake, limwagwe pamoja na boriti ya sakafu. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ukuta usivunjwe kabla ya kupanga linta mpya, yaani boriti ya juu ya uwazi wa dirisha, itakayobeba uzito wa juu.

Kijipaa cha dirisha kiwe na mteremko, na chini ya ukingo wake kichongwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Mwisho, fundi wa aluminiamu asikate fremu kwa vipimo vya ramani. Asubiri plasta ikauke, akate kiolezo cha boksi kwa kila pembe, akijaribu juu na chini, kwa sababu mara nyingi pembe hizo hazilingani.