Somo: Jinsi ya kutambua pande sambamba kwenye pembenne na maumbo mengine

Macho hudanganya. Pande mbili zinaweza kuonekana kama zinakwenda pamoja, kumbe zinakaribiana taratibu na ukizirefusha zitakutana nje ya karatasi. Mistari sambamba haikutani hata ikirefushwa bila kikomo, na umbali kati yake haubadiliki. Kwa hiyo usiamue kwa kutazama. Pima.

Hatua ya 1: Zipe kona majina
Zunguka umbo kwa mpangilio: A, B, C, D. Pande zinazopakana, mfano AB na BC, tayari zimekutana kwenye kona, basi hizo ziache. Kwenye pembenne unabaki na jozi 2 tu za kukagua: AB na DC, kisha AD na BC.

Hatua ya 2: Jumlisha pembe
Chagua upande mmoja, pima pembe za ndani kwenye ncha zake mbili, ujumlishe. Ukipata nyuzi 180, pande mbili zinazoanzia kwenye ncha hizo ni sambamba; usipopata 180, si sambamba. Tuseme A ni nyuzi 70, B 55, C 125 na D 110.

A + D = 180. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: wakiona A na D, wanaandika kwamba AD ni sambamba na BC. Sivyo! AD ni upande unaounganisha tu. Zilizo sambamba ni zile mbili zinazoanzia kwenye ncha zake, yaani AB na DC. Sasa A + B = 125, haifiki 180, kwa hiyo AD na BC si sambamba. B na C huna haja ya kuzijumlisha. Pembe zote za pembenne ni nyuzi 360, hivyo A na D zikichukua 180, zilizobaki lazima ziwe 180.

Ukiwa na karatasi ya miraba, kazi ni nyepesi zaidi. Upande mmoja ukipanda miraba 3 kwa kila mraba 1 kwenda kulia, na mwenzake ukapanda 6 kwa 2 kwenda kulia, hizo ni sambamba.

Hatua ya 3: Weka alama, kisha taja umbo
Jozi ya kwanza weka mshale mmoja kila upande, ya pili mishale miwili. Jozi 1 ni trapeza. Jozi 2 ni msambamba, na humo wamo mstatili, rombasi (pande zote nne zina urefu sawa) na mraba. Tiara ya kawaida (pembenne yenye umbo la kishada) haina hata jozi moja. Mfano wetu hapo juu ni trapeza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, pande zinazotazamana zikilingana urefu, si tayari ni sambamba?*
Hapana. Kuna trapeza ambayo pande zake mbili za mshazari zinalingana kabisa, lakini zinainamiana. Jozi zote mbili zikilingana, hapo sawa, ni msambamba. Na kuna njia ya mkato ninayoipenda sana: jozi moja tu ikiwa sambamba na pia ina urefu sawa, umbo ni msambamba. Jozi ya pili haihitaji kupimwa.

*Je, msambamba unaweza kuitwa trapeza?*
Inategemea maana unayotumia. Vitabu vingine husema trapeza ina jozi 1 tu, vingine husema angalau 1. Kwenye mtihani fuata maana ya mtaala wako.

*Pembetatu je?*
Haiwezekani. Kila upande unakutana na pande zote mbili zilizobaki.

*Na pembetano?*
Pembetano yenye pande na pembe zote sawa haina pande sambamba, lakini pembesita ya namna hiyo ina jozi 3 na pembenane ina 4. Ila usikariri kwamba pembetano zote hazina. Chora mstatili, kata kona moja kwa mshazari, halafu hesabu: pande 5, na jozi 2 za pande sambamba bado zipo.