Chai ya rangi kwa vyenye mafuta, ya maziwa kwa vikavu

Mahamri na mbaazi za nazi ukivishushia na chai ya maziwa, umerundika utamu juu ya utamu na mafuta juu ya mafuta. Jaribu chai ya rangi yenye tangawizi, sukari kidogo tu. Ule ukakasi wa majani ya chai unasafisha ulimi uliogandwa na tui, kila tonge linakuja na ladha kama la kwanza. Sambusa na chapati zilizonona nazo ni hivyo hivyo. Kaimati zenye shira? Hapo sukari usitie kabisa.

Chai ya maziwa yenye iliki iachie vitu vikavu: boflo la jana, mkate wa mofa, muhogo wa kuchemsha. Protini za maziwa hushikana na ukakasi, ndiyo maana inakuwa laini na inafaa kuchovyea.

Kwa wanaokunywa bia, kazi ya ukakasi hufanywa na gesi na uchungu. Bia nyepesi ya baridi inakwenda na mbuzi choma mwenye mafuta. Bia nyeusi naiona bora kwa mishikaki iliyobabuka kidogo. Ila punguza pilipili, maana pombe na gesi huzidisha mwasho.

Na mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na maharage au mbaazi. Asubiri kama saa moja, kwa sababu chai hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini.