Namna ya Kufufua Vespa Kuukuu Iliyoliwa na Kutu

Anayetafuta chombo cha zamani cha bei nafuu ili akifufue kwa mikono yake, akiwa Unguja au Pemba, hana haja ya kwenda mbali. Vespa zilizochoka zimo katika nyua nyingi, zimeegemezwa ukutani karibu na tangi la maji, zimefunikwa turubai au kipande cha bati, na wenyewe huziachia kwa bei ndogo kwa sababu hazijawaka kwa miaka. Maelezo haya yanahusu zaidi aina ya PX, hasa ile ya cc 150, ambayo Piaggio, kampuni ya Italia inayounda vespa, ilianza kuitoa mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na LML iliyoundwa India, kwa kuwa vipuri vyao huingiliana kwa sehemu kubwa. Chetak ya Bajaj hufanana nazo kwa umbo, lakini asili yake ni vespa ya kizazi cha nyuma zaidi, kwa hiyo kipuri chake kisinunuliwe kwa kukisia.

Neno la kwanza la kumwambia anayeanza ni hili: visiwani, vespa hununuliwa kwa kutazama bati, si kwa kusikiliza injini. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni vespa iliyotoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa vyombo vya angani, na hakuweka fremu ya mabomba kama ya pikipiki nyingine. Mwili wote ni bati lililokandamizwa na kuungwa, nalo ndilo linalobeba injini, usukani na mpandaji. Pikipiki ya kawaida ikiota kutu kwenye tangi au kwenye mkingamatope, kifaa hicho hubadilishwa na fremu ikabaki salama. Vespa ikioza sakafu ya kukanyagia, kilichooza ni uti wa mgongo wake. Injini iliyokufa kabisa hufufuliwa kwa vipuri vinavyoagizwa Dar es Salaam na kuvushwa kwa boti, lakini mwili uliooza katikati hauna duka.

Kwa hiyo unapokwenda kuitazama, chukua bisibisi bapa, tochi na kitambaa, kisha omba ruhusa ya kuinua mpira wa sakafuni. Niliwahi kuoneshwa vespa ya buluu huko Kikwajuni, rangi yake mpya inang'ara na injini yake inawaka kwa kiki ya kwanza. Nilipouinua mpira na kuikandamiza bisibisi kwa kidole gumba, karibu na kanyagio la breki, ilipenya bila kelele ikatokea upande wa pili, na unga wa kutu ukamwagika juu ya saruji kama bizari. Hapo mahali pa kanyagio, kingo za sakafu chini ya vipande vya mpira, mgongo wa katikati unapokutana na sakafu, na bati linaloshikilia boliti ya mbele ya injini ndipo penye habari yote. Tundu moja au mawili sakafuni yanatengenezeka. Ufa au uozo unaozunguka boliti ya injini, au mgongo wa katikati unaobonyea kwa kidole, ni sababu ya kushukuru na kuondoka.

Kabla ya kutoa fedha, linganisha namba zilizopigwa kwenye chombo na zile za kwenye kadi. Kwa PX 150 za Piaggio, namba ya mwili huanza na VLX1T na ya injini huanza na VLX1M. Zikitofautiana na kadi, hata kwa tarakimu moja, muuzaji amalize jambo hilo kwanza na wahusika wa usajili, kwa sababu chombo kizuri kisicho na karatasi safi hakitatembea barabarani.

Kuivua vespa si kazi ngumu. Injini nzima hushikiliwa na boliti mbili tu: moja ndefu mbele, inayopita kwenye mipira ya injini, na nyingine ya chini ya shokapu ya nyuma. Ondoa gurudumu la nyuma, vua waya mbili za gia, waya wa klachi, wa breki, wa mafuta na wa choki, achanisha nyaya za umeme kwenye kisanduku chake na chomoa mpira wa petroli. Boliti ndefu ndiyo itakayokusumbua, maana huota kutu ndani ya bomba lake. Ipake mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, na uigonge kwa nyundo ukiwa umeiacha nati mdomoni ili usiuvunje uzi. Kila waya unaouchomoa upige picha kwa simu. Nati na boliti ndogo tia katika makopo tofauti yenye majina, na zile zenye kutu ziloweke usiku mmoja katika maji ya ukwaju, uleule tunaosugulia shaba, kisha zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa oili.

Sasa linakuja bati, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Uoshe mwili kwa maji ya mvua au ya bomba, kwa sababu maji ya visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi, na chumvi inayobaki ndani ya maungio huendelea kula chini ya rangi. Kwangua rangi yote ya sakafu hadi chuma kionekane, juu na chini. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kizima chenye sauti kikigongwa, wala fundi asikushawishi kupachika kipande kipya juu ya bati bovu. Lakini kabla ya msumeno kugusa sakafu, unganisha kwa muda shingo ya usukani na sehemu ya kiti kwa chuma cha bomba, kwa kuwa sakafu ikikatwa bila kufungwa hivyo mwili hujikunja, na vespa iliyojikunja itavuta upande mmoja maisha yake yote. Mtafute mtu wa weldi aliyezoea bati jembamba la bodi, achomee nukta nukta na kuacha ipoe, asipige mstari mrefu kwa mara moja, kwa sababu moto mwingi hulifanya bati lijikunje.

Wapo wanaoziba matundu kwa faiba ile ya kutengenezea boti. Najua ni rahisi na inapatikana, lakini faiba juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na baada ya msimu mmoja wa mvua kutu huwa imetambaa chini yake bila kuonekana. Kwa chombo kinachobeba uzito kwa bati lake, hilo ni jambo la hatari. Puti nayo itumike kusawazisha mikunjo midogo tu, juu ya chuma safi.

Ukishachomea, piga msasa namba 80, kisha 120, na siku hiyohiyo paka praima ya epoksi, maana katika hewa yetu chuma kilicho wazi hubadilika rangi kabla ya jua la pili. Ndani ya mgongo wa katikati, ambamo brashi ya kawaida haifiki, nilifunga kitambaa kwenye uchukuti mrefu wa mnazi, nikakichovya katika grisi iliyolainishwa kwa oili, nikaupitisha mara nyingi hadi ukatoka safi upande wa pili. Kazi hiyo ifanywe baada ya weldi na rangi, kamwe si kabla yake.

Tangi la mafuta lisafishwe lingali nje. Mwaga petroli ya zamani, tia konzi moja ya nati ndogo pamoja na siki, litikise, liache usiku kucha, litikise tena, kisha mwaga na uhesabu nati zote zilizotoka. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, likaushe juani na papo hapo lisuuze kwa petroli iliyochanganywa na oili, vinginevyo kutu mpya itaanza jioni hiyohiyo. Badilisha bomba la mpira na koki. Kabureta nayo ifunguliwe yote. Vitundu vya shaba visichokonolewe kwa waya wala sindano, kwa kuwa tundu likipanuka kidogo tu hesabu ya mafuta huharibika. Pepo za pampu hutosha, na pakiziba sana tumia kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia.

Injini ya vespa ni ya mipigo miwili, na jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hupitia kwanza katika chumba cha kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda kwenye silinda. Chumba hicho lazima kifungwe kabisa. Kinachokifunga ni sili mbili za mpira, moja upande wa magineto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, na nyingine upande wa klachi, nazo hukauka na kupasuka chombo kinapokaa miaka bila kuwashwa, hata kama hakijatembea kilomita nyingi. Vespa yangu ya kwanza niliiwasha bila kuzigusa, kwa furaha ya kuisikia ikiwaka, na nikatoka nayo mjini kuelekea Bububu. Nilipofika Mtoni niliachia mafuta, lakini injini haikushuka. Iliendelea kulia juu, ikazidi, kisha ikakaza na gurudumu la nyuma likaburura lami. Nilikamata klachi kwa wakati nikajivuta pembeni. Plagi ilipotoka ilikuwa nyeupe kama chokaa, na pistoni ilikuwa imechanika ubavuni. Hewa ilikuwa ikiingia kupitia sili ya upande wa magineto, na katika injini ambayo oili yake huja pamoja na petroli, mchanganyiko mwepesi, yaani wenye hewa nyingi na petroli kidogo, maana yake ni joto zaidi na ulainishaji mdogo kwa wakati mmoja.

Sili hiyo ya magineto hubadilishwa bila kupasua injini: hutolewa flaiwili, lile gurudumu zito la magineto, kwa pula yake maalumu ya kuvutia, wala si kwa kupiga nyundo, kisha sahani ya koili, na sili huonekana. Ile ya upande wa klachi iko ndani, nayo huhitaji injini igawanywe vipande viwili. Dalili ya kuharibika kwake ni moshi mweupe mzito usiokwisha huku oili ya gia ikipungua, au oili ya gia inayonuka petroli. Ikiwa chombo kimelala miaka mingi, ushauri wangu ni kuigawanya injini tu, ubadilishe sili zote, beringi, gasketi, na ule msalaba wa gia ambao ukilika gia huruka wakati wa kupanda kilima. Kuwa mwangalifu na sehemu laini ndani ya kasha ambayo kranki hupita karibu nayo sana ili kufunga na kufungua njia ya mchanganyiko. Ikikwaruzwa na chembe moja ya mchanga, injini haitatulia tena kwa sauti ya chini.

Ikiwa kiki imekwama, usiilazimishe kwa mguu. Toa plagi, mimina oili ya mipigo miwili kidogo, subiri siku mbili au tatu, kisha itie gia ya nne na utikise gurudumu la nyuma polepole. Silinda ikihitaji kuchongwa, nunua pistoni kwanza na umpe fundi wa mashine mkononi, achonge kwa kufuata pistoni hiyo. Kipenyo cha asili cha PX 150 ni milimita 57.8, na pistoni za kuongezea hupanda kwa milimita 0.2.

Wakati flaiwili iko nje, tazama nyaya za koili. Katika PX za zamani ngozi ya nyaya hizo hukatika kama ganda la kitunguu kwa sababu ya joto, na vespa huzima ikipata moto kisha ikawaka ikipoa. Zibadilishwe zote na zichomewe kwa risasi. Kwingineko katika umeme, matatizo mengi ni ukungu wa kijani kwenye viungo na waya wa bodi, yaani wa kurudishia umeme kwenye mwili, uliofungwa juu ya rangi.

Rimu za vespa ni za vipande viwili vinavyofungwa kwa nati, na mpira ni wa ukubwa wa 3.50-10. Toa upepo wote kabla ya kugusa nati zinazounganisha vipande hivyo. Rimu ikifunguka ikiwa na upepo hurushwa kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mpira wa zamani usiupende kwa sababu bado una meno, soma tarakimu nne za ubavuni zinazoonesha wiki na mwaka uliotengenezwa. Breki shuu na waya zote ziwe mpya.

Rangi ya mwisho ingoje kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Rangi iliyopigwa wakati wa masika hunasa unyevu na hutoa malengelenge. Pangusa mwili kwa maji matamu asubuhi, ukaushe, na upige rangi baada ya umande kuondoka na kabla ya upepo wa bahari kuongezeka.

Kabla ya kuwasha tia oili ya gia mililita 250 ya SAE 30, weka mwanya wa plagi milimita 0.6, na changanya petroli na oili ya mipigo miwili kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita, ukipima kwa kikombe chenye alama. Katika kilomita 500 za mwanzo usivute mafuta zaidi ya nusu kwa muda mrefu. Baada ya safari ya kwanza ya kilomita kumi hivi, zima injini ukiwa bado katika mwendo, kamata klachi, simama na utoe plagi. Ikiwa rangi yake ni ya chai ya maziwa, endelea. Ikiwa nyeusi yenye majimaji, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, usiiwashe tena mpaka umejua hewa inaingilia wapi.