Umeambiwa dawa ya mzee haimo kwenye bima? Kagua hivi kabla hujatoa hela

Mimi nipo dirishani kwenye famasi hapa Tabora mjini mwaka wa tisa sasa, na tangu kitita kipya (orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa) cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kianze kutumika Machi 1, 2024 kila wiki napata kesi ileile, mtu kamleta mama yake toka Urambo au Sikonge, ana presha na sukari, kaambiwa dawa haimo kwenye bima basi analipa keshi na kuondoka kanuna. Mara nyingi dawa imo. Shida inakua ni jina, au ngazi ya hospitali, au karatasi.

Hatua ya 1: jua mzee yuko bima ipi

Msicheke, watu wanakuja na kadi hawajui ni ya nini. Kuna wazee walioingizwa NHIF na watoto wao watumishi kama wategemezi (wazazi na wakwe wote wanaruhusiwa), kuna wastaafu waliochangia wenyewe, kuna CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa ya 30,000 kwa kaya, na kuna wenye kitambulisho cha msamaha, wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Hao wa CHF na msamaha dawa zao ni vituo vya serikali, kwaiyo ukija famasi ya mtu binafsi nikakwambia lipa usininunie. Na kwa vile sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita 2023, kabla hujalipia kadi ya mwaka mwingine muulize kwanza mtendaji wa kata wanaandikisha vipi sasa hivi. Yanayofuata hapa ni ya NHIF zaidi.

Hatua ya 2: geuza boksi

Hapa ndo hela za watu zinapotelea. Kila dawa ina majina mawili, la biashara lililoandikwa kubwa na la dawa yenyewe lililoandikwa dogo chini yake. Norvasc kwa mfano ni amlodipini, Glucophage ni metfomini. Bima inaangalia hilo dogo. Sa mzee kazoea boksi la Norvasc, anaenda dirishani anataka Norvasc, anaambiwa hiyo hailipiwi, mtoto ananunua mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, wakati amlodipini ya kiwanda kingine ipo palepale na inalipiwa.

Ila ukimbadilishia kaa naye umweleze. Mama yangu mwenyewe nilimpelekea kidonge kidogo cheupe badala ya kile alichozoea akakiangalia wee akaniambia, mwanangu hiki hakiwezi kushusha presha, hakina hata uzito. Akakiweka kabatini. Wiki tatu sina habari! Na wengine wanafanya kinyume chake, wanameza la zamani na jipya pamoja wakidhani ni dawa mbili, presha inashuka mpaka mtu anaanguka. Kwaiyo likija boksi jipya, la zamani litoke ndani.

Halafu kuna vile vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Kikikataliwa muulize daktari kama anaweza kuziandika kila moja peke yake, usizigawe mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 3: angalia herufi

Kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu ya 2021 kila dawa ina herufi. A ni kuanzia zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ni za kibingwa. Ndo maana mzee anatoka Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda kule Mwanza, na cheti kizuri kabisa, akifika zahanati ya kijijini wanamwambia hatutoi hii, anajua bima imemtupa. Hamna, ni herufi. Ukiwa bado umekaa mbele ya daktari, hata hapa Kitete, hospitali yetu ya mkoa, uliza: hii ataipata kule kwetu? Kama haipatikani, ipo nyingine inayofanana, au arudi hapa kila mwezi? Ukishatoka nje ya mlango hilo swali linageuka nauli.

Hatua ya 4: "haimo" na "haipo" ni vitu viwili

Haimo maana yake bima hailipii. Haipo maana yake stoo imeisha, na hapo una haki yako bado. Omba Fomu 2C, ile ya NHIF ya kuchukulia dawa nje ya hospitali, uende nayo famasi yenye mkataba na NHIF. Hakikisha ina jina la dawa, idadi, sahihi na mhuri. Nimewahi kumrudisha baba mmoja katoka Kaliua kwa sababu ya mhuri tu, nikampa shikamoo na pole ila dawa nisingeweza kumpa, na iliniuma.

Hatua ya 5: vidole

Ukikuta mashine ya alama za vidole, wazee waliolima tumbaku miaka yote vidole vyao vimelika, mashine haisomi. Beba namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na uombe watumie njia nyingine, usikubali kurudishwa nyumbani.

Mkija dirishani kwangu au kwa mwenzangu yeyote, lete maboksi yote kwenye kikapu, hata yaliyoisha, hata lile alilopewa na jirani.