Kabla hujafuta tatuu, uliza mashine ni ya mawimbi gani

Kama una tatuu usiyoitaka tena, leza ndiyo njia ya kuanzia kuifikiria. Mwanga wake hauchomoi wino. Huuvunja kuwa chembe ndogo, kisha mwili wenyewe huziondoa taratibu. Ndiyo maana vipindi huachanishwa kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, na huwa vingi. Anayekuahidi kumaliza kwa siku moja, mkimbie.

Mwenye ngozi nyeusi aulize kuhusu aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064. Mawimbi hayo hupita bila kunyonywa sana na rangi ya ngozi, hivyo hatari ya kubaki na mabaka hupungua, ingawa haiishi kabisa. Na kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi, mwambie daktari wa ngozi mapema.

Wino mweusi hutoka kwa urahisi zaidi. Kijani, buluu nyepesi na njano ni visumbufu, nao mweupe unaweza hata kugeuka mweusi ukipigwa leza, kwa hiyo wajaribu kwanza sehemu ndogo.

Tatuu ndogo inaweza kukatwa kwa upasuaji na ngozi ikashonwa, kovu litabaki. Ukitaka kuifunika kwa mchoro mwingine, vipindi vichache vya leza vya kuififisha humpa mchoraji nafasi zaidi.

Krimu za kufuta tatuu? Hazifiki wino ulipo, chini ya tabaka la juu la ngozi. Zenye asidi kali huunguza tu.