Kusoma utabiri wa bahari kabla ya kung'oa nanga: upepo, mawimbi, mkondo na vimbunga katika pwani ya Afrika Mashariki

Upepo wa noti 18 wa kusi (unaotoka kusini-mashariki) na upepo wa noti 18 wa kaskazi (unaotoka kaskazini-mashariki), mahali palepale kati ya Pemba na Bara, hufanya bahari mbili tofauti. Boti inayokwenda vizuri kwenye ya kwanza inaweza kunywa maji kwenye ya pili. Ndiyo maana nahodha anayetazama tarakimu ya upepo kwenye simu kisha akaamua hapohapo huwa amesoma sehemu moja tu ya utabiri. Zinazobaki ni mwelekeo, muda kati ya wimbi na wimbi, mkondo, na hali ya maji utakapofika kwenye mwamba.

Anza kwa kuhakikisha vipimo, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza upepo kwa kilomita kwa saa, taarifa za kimataifa hutumia noti (maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85), na baadhi ya programu za simu huja zikiwa zimewekwa mita kwa sekunde. Mita kwa sekunde zidisha kwa 2 upate noti kwa kukadiria. Kilomita kwa saa gawa kwa 2 kisha ongeza kidogo: kilomita 40 kwa saa ni karibu noti 22. Aliyesoma "12" akidhani ni noti, kumbe ni mita kwa sekunde, atakutana na noti 23 huko nje, bahari yote ikiwa imetapakaa povu jeupe. Kumbuka pia kwamba tarakimu hiyo ni wastani. Dharuba zake, yaani mivumo ya ghafla, zinaweza kuzidi wastani kwa theluthi moja au zaidi, kwa hiyo kama programu ina safu ya dharuba, isome hiyo unapopima nguvu ya tanga au mashine yako.

Upepo huitwa kwa jina la unakotoka, mkondo huitwa kwa jina la unakokwenda. Upepo ulioandikwa SE unatoka kusini-mashariki, ndio kusi. Mkondo ulioandikwa N unakwenda kaskazini. Ukivichanganya, mpango wako wote wa safari utageuka kichwa chini.

Na saa je? Taarifa za kimataifa huandikwa kwa saa ya UTC, ambayo huoneshwa pia kwa herufi Z. Kwa Unguja, Mombasa au Moroni, toa 3 upate saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0600 UTC ni saa 3 asubuhi, 1200 ni saa 9 alasiri. 1800 ukitoa 3 ni 15, ondoa 12, ni saa 3 usiku. 0000 ihesabu kama 12: ni saa 9 usiku.

Mawimbi: urefu wake ni nusu ya habari

"Mita 2" ya utabiri si urefu wa wimbi kubwa utakalokutana nalo. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Ukikaa baharini saa kadhaa, tarajia moja moja lenye karibu mara mbili ya kipimo hicho. Kwa hiyo mita 2 kwenye karatasi inaweza kukuletea wimbi la karibu mita 4, na hilo ndilo unalopaswa kuliwazia unapotazama ubavu wa chombo chako.

Kisha tafuta sekunde, yaani muda unaopita kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Kwenye maji ya kina, zidisha sekunde kwa sekunde, kisha kwa 1.56, upate umbali wa mita kati ya vilele. Wimbi la sekunde 5 lina vilele vilivyoachana mita 39. La sekunde 12, mita 225 hivi. Mita 2 zikiwa kwenye mita 39 ni ukuta baada ya ukuta: omo (mbele ya chombo) inapanda, inaanguka, na kabla haijainuka linakuja jingine. Mita 2 hizohizo kwenye mita 225 ni mlima mpole ambao chombo kidogo hupanda na kushuka bila shida, mradi kiko nje kwenye maji makuu.

Lakini wimbi refu ni mpole huko nje tu. Huanza kuhisi sakafu ya bahari kina kikifika nusu ya umbali wa vilele vyake. La sekunde 12 huanza kwenye mita 110 hivi. Likikaribia mwamba hupunguza mwendo, hujikusanya na kuinuka, na huvunjika pale urefu wake unapofika karibu asilimia 80 ya kina cha maji. Wimbi la mita 2 litavunjika penye maji ya mita 2.5. Siku yenye upepo mdogo na mawimbi marefu kutoka kusini ya mbali ndiyo inayowadanganya wengi: bahari inaonekana shwari, watu wanatoka asubuhi maji yakiwa yamejaa, wanarudi mchana maji yamekupwa, wanakuta kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitia, mawimbi yanavunjika kutoka upande hadi upande.

Programu ikikuonesha mawimbi ya upepo mita 1.5 na mawimbi ya mbali mita 1, usiyajumlishe kuwa 2.5. Kila moja lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo: ni karibu mita 1.8. Ubaya wa hali hiyo uko kwenye mwelekeo. Yakitoka pande mbili tofauti, boti huyumbishwa bila mpangilio na usukani unachosha haraka.

Mkondo dhidi ya upepo

Mkondo wa pwani yetu hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima katika bahari ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Wakati wa kusi hupata nguvu na unaweza kufika noti 3 hadi 4. Wakati wa kaskazi hupungua, lakini haugeuki. Kwa hiyo kusi husukuma upande mmoja na mkondo, na kaskazi huukabili uso kwa uso. Upepo ukikabili mkondo, mawimbi hufupika na kusimama wima, na vilele huanza kuvunjika kwenye maji ya kina kabisa. Programu za kawaida za mawimbi mara nyingi haziuhesabu mkondo huu sawasawa. Siku ya kaskazi ya noti 15 au zaidi, chukulia kwamba mawimbi kati ya Pemba na Bara, na nje ya rasi kama Nungwi, yatakuwa wima kuliko tarakimu inavyosema. Wakati wa kusi hatari ni nyingine: mashine ikizimika, noti 3 za mkondo zitakubeba zaidi ya kilomita 5 kwa kila saa, kuelekea kaskazini na mbali na wanaokutafuta.

Maji kujaa na kupwa nayo hufanya vivyo hivyo kwenye milango ya mwamba. Kwenye bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya maji Unguja na Mombasa hufika karibu mita 4. Maji yote hayo yakitoka ndani ya ghuba kupitia mlango mwembamba hukutana na mawimbi yanayoingia, na mlango huchafuka hata siku ya upepo wa kawaida. Panga kuupita mlango maji yakiwa yanajaa, au yakiwa yamesimama juu. Kwenye maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, una nafasi kubwa zaidi.

Kile ambacho kompyuta za utabiri hazioni

Utabiri mwingi wa bure kwenye simu hutoka kwenye mifumo ya kompyuta: GFS ya Marekani, ambayo vipimo vyake vimeachana kwa takriban kilomita 28, au ECMWF ya Ulaya, ambayo ina kilomita 9 hivi. Kwa GFS, bahari iliyo kati ya Unguja na Bara inaingia kwenye kisanduku kimoja au viwili. Umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu, na upepo wa baharini unaoongezeka kuanzia adhuhuri, mara nyingi hupotea humo. Msimu wa kaskazi upepo huo wa mchana hujiunga na kaskazi yenyewe, kwa hiyo ongeza noti chache kwenye utabiri wa alasiri. Wakati wa masika na tanga mbili (kipindi cha kati ya kusi na kaskazi), maleleji, yaani pepo zisizotulia, yanapovuma huku na huku, tarakimu inaweza kusema noti 6 na wingu moja la radi likashusha noti 30 kwa nusu saa. Hapo tazama upeo wa macho: wingu jeusi lenye kitako bapa, mstari mweupe wa maji chini yake, na ubaridi wa ghafla. Shusha tanga kabla halijafika.

Soma utoaji wa GFS na wa ECMWF pamoja. Vikikubaliana, amini zaidi. Vikitofautiana kwa noti 8 au 10, fuata kilicho kibaya zaidi au subiri utoaji unaofuata.

Juu ya vyote ni taarifa ya TMA, au ya Idara ya Hali ya Hewa Kenya kwa wa huko. TMA hutoa madaraja matatu: angalizo (njano), tahadhari (rangi ya machungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Wengi huona angalizo kama jambo dogo. Maneno yake ya kawaida ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na kwa boti ya wazi isiyozidi mita 8 hiyo ni siku ya kukaa pwani. Kwa chombo cha aina hiyo, mipaka tunayoishauri ni noti 12 na mita 1 kwa safari ya kawaida. Kati ya hapo na noti 18, nenda tu kama upepo uko tezini (nyuma ya chombo), muda wa mawimbi unazidi sekunde 7, na unayo bandari ya kukimbilia njiani.

Vimbunga

Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo kinachofuatilia vimbunga ni cha Météo-France kilichoko La Réunion. Msimu rasmi unaanza 15 Novemba hadi 30 Aprili, lakini kwa pwani yetu usiuamini mpaka huo. Kimbunga cha Unguja cha 1872 kilipiga Aprili, cha Lindi cha 1952 Aprili, Kenneth kilichopiga kaskazini mwa Msumbiji 2019 Aprili, na Hidaya kilichofika Mafia 2024 kilikuja mwanzoni mwa Mei. Miezi yetu ya kuangalia ni Aprili na wiki za kwanza za Mei, hasa kuanzia Mafia kwenda kusini.

Ukiona tarakimu mbili tofauti za kimbunga kimoja, angalia nani kasema. La Réunion hupima wastani wa upepo kwa dakika 10, kituo cha kijeshi cha Marekani (JTWC) kwa dakika 1, na India, inayofuatilia bahari ya Uarabuni na Ghuba ya Bengal, kwa dakika 3. Ya dakika 1 kwa kawaida huwa kubwa zaidi kwa dhoruba ileile. Na ule mchoro unaopanuka mbele ya kimbunga unaonesha mahali kitovu chake kinapoweza kupita. Upepo mkali na mawimbi hufika mbali nje ya mchoro huo.

Aliye na barometa ana shahidi mzuri. Katika tropiki kanieneo ya hewa hupanda na kushuka kila siku kwa hektopaskali 3 hivi: juu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kwa hiyo linganisha saa 10 jioni ya leo na saa 10 jioni ya jana, kamwe si na asubuhi. Ikishuka 3 chini ya kawaida ya saa ileile, kuwa macho; ikishuka 5, kimbunga kiko karibu na huna sababu ya kuendelea na safari. Simama ukielekea upepo: kusini mwa ikweta, kitovu kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega.

Soma utabiri jioni kabla ya safari, usome tena alfajiri, kisha tembea hadi mahali unapouona mlango wa mwamba na uhesabu sekunde za mawimbi kumi kwa saa yako. Ukikuta sekunde 6 wakati utabiri ulisema 10, bahari imeshabadilika kuliko karatasi, na safari inahesabiwa upya kuanzia hapo.